Kutoka Mitandao ya Mataifa hadi Shirikisho la Mitandao: Historia ya Huduma za Msingi za TEHAMA katika Operesheni ya Kimataifa ya Kijeshi nchini Afghanistan, 2001–2015

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya huduma za pamoja za TEHAMA katika operesheni ya kimataifa ya kijeshi nchini Afghanistan kati ya mwaka 2001 na 2015. Yanaeleza namna mataifa yaliyopigana bega kwa bega yalivyotumia mitandao isiyowasiliana, athari za utengano huo, na jinsi Mtandao wa Misheni ya Afghanistan (AMN) ulivyoanza kazi mwaka 2010. Hoja kuu ni kwamba kikwazo kikubwa hakikuwa upungufu wa mitambo bali mamlaka juu ya taarifa. Kwa hiyo, suluhisho lililopatikana lilikuwa mapatano ya kisiasa yaliyotekelezwa kwa njia ya kiufundi, na mapatano hayo yaliwaacha baadhi ya wahusika nje ya mlango.

1.0 Utangulizi

Historia ya vita vya muungano huandikwa kwa kawaida kupitia majemadari, mikataba na ramani. Nyaya, seva na orodha za anwani hutajwa kwa nadra, kana kwamba ni mambo ya mafundi peke yao. Hata hivyo, amri isiyomfikia mlengwa haina tofauti na amri isiyotolewa, na onyo linalobaki katika kompyuta ya taifa moja halimwokoi askari wa taifa jingine aliye katika barabara ileile.

Katika makala haya, huduma za msingi za TEHAMA ni zile ambazo afisa huzihitaji kabla ya kutumia programu yoyote mahususi ya kijeshi: barua pepe, ujumbe wa papo kwa papo, simu, mkutano wa video, tovuti za ndani, orodha ya pamoja ya anwani na uthibitishaji wa utambulisho wa mtumiaji. Huduma hizi ni za kawaida katika ofisi yoyote ya kisasa. Swali linalojadiliwa ni kwa nini zilichukua takribani miaka 9 kupatikana kwa pamoja katika vita vilivyoendeshwa na mataifa tajiri kuliko yote duniani.

2.0 Usuli: Muungano Mmoja, Mitandao Mingi

2.1 Onyo la Kosovo, 1999

Tatizo hili halikuanzia Afghanistan. Katika operesheni ya anga ya NATO dhidi ya Yugoslavia, iliyodumu kwa siku 78 kuanzia Machi 24 hadi Juni 10, 1999, Marekani ilipanga safari za baadhi ya ndege zake, zikiwemo B-2 na F-117, katika ratiba tofauti na ile iliyotumiwa na washirika wake. Aidha, baadhi ya ndege za washirika hazikuwa na redio za usimbaji fiche zinazopatana na za Marekani, hivyo marubani walilazimika nyakati nyingine kuzungumza waziwazi katika masafa ambayo adui angeweza kuyasikiliza. Muungano ulikuwa na amri moja kwa jina, lakini taarifa zilipita katika njia mbili. Ushindi wa haraka kiasi ulipunguza uzito wa somo hilo.

2.2 Afghanistan, 2001–2009

Kikosi cha Kimataifa cha Kusaidia Usalama (ISAF) kiliidhinishwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kwa azimio namba 1386 la Desemba 20, 2001. Awali jukumu lake liliishia Kabul na viunga vyake. NATO ilichukua uongozi Agosti 11, 2003, na azimio namba 1510 la Oktoba mwaka huohuo lilifungua njia ya kikosi hicho kuenea nchi nzima. Katika kilele chake, ISAF ilikuwa na askari zaidi ya 130,000 kutoka nchi 51 za NATO na washirika.

Kila taifa lilipowasili lilikuja na mtandao wake. Marekani ilikuwa na SIPRNet kwa ajili ya siri zake za kitaifa, pamoja na familia ya mitandao ya CENTRIXS iliyogawanywa kulingana na kundi la washirika. Uingereza ilikuwa na mtandao ulioitwa Overtask, Kanada ikiwa na LCSS na Italia ikiwa na CAESARNET. NATO yenyewe iliendesha mtandao wa siri wa ISAF kwa ajili ya makao makuu. Kwa kipindi ambacho vikosi vya kila taifa vilikaa katika eneo lake, Waitalia Herat, Wajerumani kaskazini, Wakanada Kandahar na Waingereza Helmand, utengano huo ulivumilika. Mapigano ya kusini yalipopamba moto kuanzia mwaka 2006, mipaka ya maeneo haikuweza tena kuwa mipaka ya taarifa.

Katika chumba kimoja cha operesheni, afisa alikuwa na kompyuta kadhaa mezani. Alisoma taarifa katika skrini moja, akageuza kiti, kisha akaiandika upya katika skrini nyingine. Kila uandishi upya ulileta ucheleweshaji na uwezekano wa kukosea tarakimu ya eneo. Athari yake inaonekana wazi katika uokoaji wa majeruhi. Ombi la helikopta ya matibabu hutumwa kwa muundo wa mistari 9, inayoeleza mahali, idadi ya majeruhi, hali zao na usalama wa eneo la kutua. Mwezi Juni 2009, Waziri wa Ulinzi wa Marekani, Robert Gates, aliagiza majeruhi mahututi wafikishwe hospitalini ndani ya dakika 60. Pale ambapo majeruhi ni wa taifa moja, helikopta ni ya taifa la pili na hospitali ni ya taifa la tatu, dakika zinazotumika kunakili ujumbe kutoka mtandao hadi mtandao hukatwa katika saa hiyohiyo moja ya majeruhi.

3.0 Kuundwa kwa Mtandao wa Misheni ya Afghanistan

3.1 Uamuzi wa Kisiasa

Jenerali Stanley McChrystal alichukua uongozi wa ISAF mwezi Juni 2009. Mkakati wake wa kupambana na uasi ulitaka makamanda wa mataifa yote waone picha moja ya uwanja wa vita, jambo lisilowezekana iwapo picha hiyo imegawanyika katika mitandao isiyounganika. Zilikuwepo njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kujenga mtandao mmoja wa NATO na kuyataka mataifa yaache mitandao yao. Ya pili ilikuwa kuyaacha mataifa yabaki na mitandao yao, kwa sharti kwamba iunganishwe kwa kanuni za pamoja.

Njia ya kwanza ilikuwa rahisi kiufundi lakini ngumu kisiasa. Hakuna dola iliyokuwa tayari kukabidhi seva zake, funguo zake za usimbaji na bajeti yake kwa chombo cha nje. Wahenga walisema kila mwamba ngoma huvutia kwake. Kwa hiyo ilichaguliwa njia ya pili, yaani shirikisho. Hatua iliyoipa uzito ilikuwa uamuzi wa Marekani, taifa lililokuwa na askari wengi kuliko mengine yote, kuhamisha mawasiliano yake ya mapigano kutoka SIPRNet kwenda CENTRIXS-ISAF, na kuufanya mtandao huo kuwa mchango wake katika AMN. AMN ilifikia uwezo wa awali wa kufanya kazi mwezi Julai 2010.

3.2 Utendaji wa Shirikisho

Katika mfumo huu, NATO ilitoa kiini, na kila taifa lenye mtandao wake likaunganishwa nacho. Seva ilibaki mali ya taifa, lakini ilitakiwa kupokea na kutoa huduma kwa viwango vilivyokubaliwa. Orodha za anwani zilioanishwa ili afisa wa Kanada aweze kumpata mwenzake wa Italia bila kujua yuko katika mtandao upi. Seva za ujumbe wa papo kwa papo ziliunganishwa ili watu wa mataifa mbalimbali waingie katika chumba kimoja cha mazungumzo. Simu na mikutano ya video ilipita katika njia hizohizo.

Jambo la msingi zaidi halikuwa la kimitambo. Mataifa yalikubaliana kuhusu kiwango kimoja cha siri, yaani siri inayoruhusiwa kwa wanachama wa ISAF, na yakakubali kwamba taarifa za operesheni ziandikwe katika kiwango hicho tangu mwanzo. Hapo awali, taarifa ilizaliwa ikiwa ya kitaifa, kisha ikaombewa ruhusa ya kutolewa. Sasa ilizaliwa ikiwa ya pamoja, na aliyetaka kuizuia ndiye aliyepaswa kutoa sababu. Mzigo wa uthibitisho ulihama kutoka kwa mwombaji hadi kwa mwenye taarifa.

4.0 Mipaka ya Uaminifu

4.1 Hofu ya Uvujaji

Kanuni hiyo ilikuwa na gharama. Tarehe 25 Julai 2010, mwezi uleule AMN ilipoanza kazi, WikiLeaks ilichapisha makumi ya maelfu ya taarifa za kijeshi za Marekani kuhusu vita vya Afghanistan. Taarifa hizo zilivuja kupitia mtumiaji halali wa mtandao wa siri wa Marekani yenyewe, wala si kupitia washirika. Tukio hilo linaonesha kwamba utengano wa mitandao haukuwa kinga iliyodhaniwa: mtandao uliofungwa kwa washirika ulivujishwa kutoka ndani. Hata hivyo, liliwapa hoja wale waliotaka taarifa zibanwe upya.

4.2 Usawa wa Wanachama

Shirikisho halikuyafanya mataifa kuwa sawa. Taifa lenye mtandao wake liliingia likiwa na mamlaka juu ya sehemu yake. Taifa lisilo na uwezo huo lilitegemea vifaa na seva za NATO au za taifa jingine, na hivyo kuwa mgeni katika nyumba ya mwenzake. Mwenye seva ndiye aliyeamua nani afunguliwe akaunti na lini. Hivyo, tofauti ya kiuchumi kati ya mataifa iligeuka kuwa tofauti ya nafasi ndani ya mtandao.

4.3 Wenyeji Nje ya Mlango

Waliokuwa mbali zaidi ni wenyeji. Majeshi ya Afghanistan hayakuwa sehemu ya ISAF, hivyo taarifa iliyoandikwa kwa ajili ya wanachama wa ISAF haikuwafikia bila utaratibu mwingine wa ruhusa. Kadiri ISAF ilivyoelekea mwisho wake Desemba 2014, ndivyo majeshi hayo yalivyobeba mzigo mkubwa zaidi wa mapigano. Mfumo uliosifiwa kwa kuunganisha mataifa 51 haukumjumuisha kikamilifu yule ambaye vita vilikuwa katika ardhi yake.

5.0 Ulinganisho: Bahari ya Hindi Magharibi

Katika miaka hiyohiyo, operesheni dhidi ya uharamia wa Somalia ilikabili tatizo hilo kwa njia tofauti. Operesheni Atalanta ya Umoja wa Ulaya ilianza Desemba 2008, na Operesheni Ocean Shield ya NATO ikafuata mwaka 2009. Zilikuwepo pia manowari za China, India na Japani, mataifa ambayo yasingeweza kuingia katika mtandao wa siri wa NATO. Umoja wa Ulaya ulianzisha Mercury, mfumo wa mazungumzo usio wa siri uliopita katika intaneti ya kawaida. Kwa upande wa mataifa ya kanda, Kanuni za Maadili za Djibouti za Januari 2009 zilisababisha kuanzishwa kwa vituo vya kubadilishana taarifa Mombasa, Dar es Salaam na Sana'a.

Ulinganisho huu unabainisha kanuni moja: kadiri kiwango cha siri kinavyoshushwa, ndivyo mlango wa uanachama unavyopanuka. Mercury ilibeba taarifa chache kuliko AMN, lakini iliweza kumfikia karibu kila mwenye meli katika eneo hilo.

6.0 Kutoka AMN hadi FMN, 2012–2015

Kuanzia mwaka 2012, NATO ilianza kugeuza uzoefu wa Afghanistan kuwa utaratibu wa kudumu, uliokuja kuitwa FMN, yaani uunganishaji wa mitandao ya misheni kwa mfumo wa shirikisho. Mpango wa utekelezaji uliidhinishwa na Baraza la NATO mwaka 2015. Lengo lilikuwa kwamba operesheni ijayo isisubiri tena miaka 9. Viwango vikubaliwe wakati wa amani na vijaribiwe katika mazoezi ya kila mwaka ya CWIX huko Bydgoszcz, Poland.

FMN iliweka wazi kile ambacho AMN ilikiacha kimyakimya. Iliainisha njia tatu za kushiriki: kuja na mtandao kamili, kuja na sehemu inayoegemea huduma za mwingine, au kuwa mtumiaji anayehifadhiwa na mwenyeji. Ngazi zilizokuwa za mazoea zikawa ngazi za kimaandishi.

7.0 Hitimisho

Makala yamebainisha kwamba barua pepe, simu na orodha za anwani za muungano zilichelewa nchini Afghanistan kwa sababu kila dola ililinda haki yake ya kuamua nani ajue nini. AMN haikuifuta haki hiyo. Iliiwekea kanuni za pamoja na kuhamisha mzigo wa kujieleza. Hayo yalikuwa mafanikio halisi, na kwa majeruhi anayesubiri helikopta yalikuwa na maana ya uhai. Hata hivyo, kuanguka kwa serikali ya Kabul Agosti 2021 kunakumbusha kuwa mtandao bora hauwezi kuziba pengo la mshirika mkuu aliyeachwa nje. Kwa mataifa yanayoandaa operesheni za pamoja, yakiwemo ya Afrika, swali la kwanza si mitambo ipi inunuliwe, bali ni nani atakayemiliki seva na nani atakayebaki mgeni.