Basi Lililopandishwa Relini

Waswahili husema, ukikosa la mama, hata la mbwa huamwa. Methali hii ni kali, lakini hapa Marekani ipo kampuni moja ya reli iliyoifuata kwa vitendo. Huko kusini-magharibi mwa Colorado, kampuni hiyo iliyofilisika ilichukua mabodi ya motokaa, na baadaye ya mabasi, ikayavisha magurudumu ya chuma na kuyapandisha milimani kwa miaka ishirini.

Reli yenyewe iliitwa Rio Grande Southern. Otto Mears aliikamilisha mwaka 1891, maili 162 kutoka Durango hadi Ridgway, kwa ajili ya migodi ya madini ya fedha. Upana wake ulikuwa futi 3 tu baina ya chuma na chuma. Wazanzibari miongoni mwetu wataufahamu upesi, kwani reli ya mjini hadi Bububu, iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani na kufunguliwa mwaka 1905, ilikuwa na upana huo huo. Reli nyembamba huwa na gharama ndogo, nayo hupita kwenye kona kali za milimani.

Mwaka 1893 bei ya madini ya fedha ikaanguka, na reli haikupata tena afya yake. Ilipofika mwaka 1929, aliyekabidhiwa mali za mfilisika huyo alikuwa Victor Miller. Mizigo ilikuwa michache, abiria wachache zaidi. Kilichobaki cha maana ni mkataba wa kupeleka barua. Lakini gari moshi lilitaka dereva, mchochea moto, kondakta na watu wa breki, pamoja na makaa na maji, yote hayo kwa magunia machache ya posta. Kuendelea ni hasara. Kuacha ni kuupoteza mkataba, na miji kama Rico na Telluride ibaki bila treni ya posta. Sisi tuliowahi kuhesabu siku tukingoja barua kutoka nyumbani hatuhitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo.

Mwaka 1931 mafundi wa karakana ya Ridgway, wakiongozwa na Jack Odenbaugh, walitoa jibu. Walichukua motokaa ya Buick, wakaifunga sanduku la mizigo nyuma. Dereva mmoja alitosha. Kazi ilipoonekana kufaa, wakaunda nyingine kubwa zaidi kwa motokaa za Pierce-Arrow, hata kufikia mwaka 1936 zikawa saba.

Msidhani ilikuwa kazi ya kubadilisha matairi tu. Gari la barabarani lina miguu mipana kuliko futi 3, kwa hiyo magurudumu yake hayakai juu ya reli hiyo. Ilibidi bodi likalishwe juu ya vigari vidogo vya magurudumu ya chuma, vyenye kujigeuza vyenyewe kwenye kona. Usukani haukuwa na kazi tena. Katika zile kubwa, nguvu ya injini ilipelekwa kwenye kigari cha kati, na mnyororo ukaunganisha ekseli zake mbili ili zote zisukume. Hivyo ndivyo zilivyopanda hadi Lizard Head, zaidi ya meta 3,000 juu ya usawa wa bahari.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili bodi za motokaa zilikuwa zimechakaa. Namba 3, 4 na 5 zikavishwa mabodi ya mabasi ya Wayne na kutiwa injini za malori ya GMC. Basi, adui mkubwa wa reli, likawa ndilo linaloibeba reli.

Watu waliziita "Bata Bukini Mwenda Mbio", kwa kuyumba kwake, kwa honi yake, na kwa mabawa ya boneti yaliyofunguliwa injini ilipopata joto. Mkataba wa posta ulipotoka mwaka 1950, kampuni ikalikubali jina hilo, ikatia viti na madirisha kwenye sanduku la mizigo na kubeba watalii. Haikutosha. Mwaka 1951 safari zikakoma.

Bububu mambo yalikwenda vingine: reli iliacha kubeba abiria mwaka 1922, motokaa zikawachukua kwa barabara. Lakini ufundi wenyewe si mgeni kwetu. Nani asiyeyakumbuka magari ya Unguja yenye bodi la mbao, yaliyoundwa na mafundi wetu juu ya miguu ya lori?

Wamarekani wameyatunza mabata yao. Namba 5 ilitengenezwa upya mwaka 1998 na watu wa Dolores, ikarudi relini, na jina la Odenbaugh lingali likitajwa. Mafundi wetu je, nani ameyaandika majina yao? Wazee wanaoyajua wangalipo. Tukipiga simu nyumbani, tuwaulize.