Bendi ya Almasi, Mji wa Karatasi

Mgololo, kusini mwa wilaya ya Mufindi mkoani Iringa, ni mji uliozaliwa na kiwanda. Miti ilikuwapo tayari, maana misindano ya shamba la miti la Sao Hill ilikuwa imekwisha komaa, na reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976, ilipita jirani. Southern Paper Mills ilianza uzalishaji mwaka 1985, ikiwa na uwezo wa kutoa tani 60,000 za karatasi kwa mwaka, na nyumba za wafanyakazi zikapokea watu wa mikoa mbalimbali.

Watu hao walikutana redioni. Stesheni za binafsi hazikuwapo hadi miaka ya 1990, kwa hiyo Tanzania Bara nzima ilisikiliza Radio Tanzania Dar es Salaam. Mtu alijaza kadi ya salamu, akaandika majina ya ndugu na marafiki, kisha akasubiri kipindi cha Mchana Mwema au Jioni Njema. Mgonjwa aliyelazwa alikuwa na Ugua Pole. Baada ya majina ulipigwa muziki wa dansi, na nyimbo hizo ndizo tunazoziita leo zilipendwa.

Wanaozikumbuka husifu sauti na magita. Nami nazisifu, ila naona tunasahau nani alinunua magita hayo. Vyombo vilitoka nje, na fedha za kigeni zilikuwa adimu. Mwanamuziki peke yake asingeviweza. Shirika la umma liliweza. Ndiyo maana chama cha wafanyakazi kilikuwa na NUTA Jazz tangu 1964, kiwanda cha nguo cha Urafiki kikawa na Urafiki Jazz, na Shirika la Bima likawa na Bima Lee. Mpiga solo aliajiriwa kama fundi mitambo, akapokea mshahara mwisho wa mwezi. Mshahara huo ulimpa muda wa mazoezi, na mazoezi ndiyo yaliyozaa ule upangaji wa magita matatu na domo la bata, yaani saksafoni, ambao hadi leo unawainua wazee vitini.

Nyanda za Juu Kusini zilipata fungu lao mjini Iringa. Kampuni ya umma ya kukata almasi, Tancut, iliunda Tancut Almasi Orchestra, bendi ya mtindo wa Kinyekinye. Mbele walisimama mapacha kutoka Zaire, Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa, sauti zao zikifuatana kwa ukaribu ambao pengine ni ndugu tu wanaouweza. Katika miaka ya 1980 bendi hiyo ya mkoani ilitajwa pamoja na vigogo wa Dar es Salaam, jambo zito katika nchi ambayo studio ya kurekodia ilikuwa Dar es Salaam na kiwanda cha santuri hakikuwapo kabisa. Kwa msikilizaji wa Mufindi, kusikia jina la Iringa likitangazwa kutoka Dar kulikuwa heshima ya pekee.

Kisha fedha za umma zikakauka. Tume ya kurekebisha mashirika ya umma iliundwa mwaka 1992, na shirika lililohesabu kila shilingi halikuona sababu ya kulipa wapiga tumba. Tancut ilianguka, na bendi yake ikatawanyika. Kiwanda cha Mgololo nacho kilisimama mwishoni mwa miaka ya 1990, hadi kilipouzwa mwaka 2004 na kufufuliwa kwa jina la Mufindi Paper Mills.

Msondo, yaani NUTA Jazz ya zamani, na Sikinde, yaani Mlimani Park, waliponea Dar es Salaam, na sababu yake haikuwa ubora peke yake. Jiji lilikuwa na baa na kumbi za kutosha, na watu wa kulipa kiingilio wiki baada ya wiki. Hata DDC, shirika la maendeleo la jiji, iliyoichukua Mlimani Park mwaka 1983, ilikuwa yenyewe na kumbi za starehe. Mji wa Iringa haukuwa na umati huo. Wafanyakazi ambao wangelipa kiingilio walikuwa wenyewe wakipoteza ajira, wa almasi kwanza, kisha wa karatasi. Kwa hiyo anayetaka kuwasikia Kasaloo na Kyanga leo anategemea kanda zilizorekodiwa Radio Tanzania, ambazo zimenakiliwa mara nyingi na sasa zinapita kutoka simu hadi simu, mara nyingi bila jina la mtunzi wala la mpiga gita.