Pembe, Sindano na Mgongo wa Mpagazi

Mwaka 1903 dhahabu ilionekana katika vijito vya Kilo, kaskazini mwa Bunia ya leo, katika Ituri, Kongo. Mwaka huohuo, ng'ambo ya Ziwa Albert, daktari Aldo Castellani alitangaza kutoka Entebbe kwamba vijidudu vya malale vinaonekana katika maji ya uti wa mgongo. Dhahabu ilidai wapagazi: kabla ya malori, mizigo iliyoshushwa ziwani ilipandishwa kwa vichwa vya watu, genge baada ya genge. Malale yalileta sindano ndefu. Kampeni za Wabelgiji huko Uele na kwingineko ziliwapanga watu mistari, wakapapaswa tezi za shingo, na walioshukiwa wakainamishwa wachomwe kiunoni. Sindano hiyo haikuuliza kama mgongo unauma. Ilikuja kuchota maji.

Maumivu yanayoanza kiunoni, yakapita takoni na kuteremka hadi unyayo, yakabaki mikononi mwa muumikaji. Kitako cha pembe ya ng'ombe hubanwa juu ya panapouma, hewa hufyonzwa kwa tundu la nchani, nta husukumwa kwa ulimi kuliziba, na nyama huvimba ndani yake. Kisha pembe hung'olewa, wembe huchanja chale fupifupi, pembe hurudishwa kunywa damu. (Pembe hiyo ndiyo chuku, na Kiswahili kimeionea: kupiga chuku leo ni kutia chumvi.) Wapo wanaosema iliishi kwa sababu ya ujinga tu. Mbona basi sindano za buba zilikimbiliwa Kongo na Afrika Mashariki, vidonda vilipoonekana vikikauka? Watu hawakuikataa sindano. Sindano ndiyo haikuwa na habari na mguu wao.

Sindano za Kichina, ambazo ndizo zinalenga maumivu hayo, zinaipa pembe utetezi nusu tu. Ujerumani, mwaka 2007, wagonjwa 1,162 wa mgongo walipimwa: waliochomwa kwa kanuni walipata nafuu asilimia 47.6, waliochomwa ovyo 44.2, waliotibiwa kwa njia za kawaida 27.4. Ningeishia hapo, ningedai kuchomwa popote kunatosha, na chale za Ituri zimeshinda kesi. Lakini mwaka 2024 uchunguzi wa China kwa watu 220 wenye maumivu sugu ya neva ya nyonga, yatokanayo na diski iliyotokeza, ulionyesha sindano halisi ikipunguza maumivu ya mguu kuliko ya kuigiza. Namna ya kuchoma, basi, huenda ina maana, na wembe usiochemshwa una hatari zake. Ila tiba hiyo ilihitaji vikao 10 katika wiki 4. Mpagazi wa Kilo hakuwa na wiki 4. Pembe ilimaliza kazi yake asubuhi moja, naye akajitwika tena.