Ngazi ya Wakubwa

Usiku mmoja wa Februari 2001, katika bafu la wanamichezo wa Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, msaidizi wa timu ya mpira, Mike McQueary, alimwona Jerry Sandusky akimtendea uchafu mvulana mdogo. Sandusky alikuwa mwalimu mstaafu wa timu hiyo, mwanzilishi wa shirika la kusaidia watoto wenye shida tangu mwaka 1977. Jina lake lilikuwa jema, na funguo za jengo alikuwa nazo bado.

McQueary alimwarifu mwalimu mkuu wa timu, Joe Paterno. Paterno akamwarifu mkuu wa michezo. Naye akashauriana na wakubwa wenziwe, hata habari ikafika kwa rais wa chuo, Graham Spanier. Ilipanda ngazi kwa adabu zote, na kila aliyeipandisha alijiona ametua mzigo. Polisi hawakuambiwa. Sandusky alikatazwa tu kuingia na watoto katika majengo ya chuo, kana kwamba yaliyohitaji kulindwa ni majengo! Mtoto yule ni nani, ni wa nani, alilala wapi usiku ule, hakuna mkubwa aliyeuliza.

Sandusky alishikwa Novemba 2011, na mwaka 2012 akatiwa hatiani kwa makosa 45 dhidi ya wavulana 10. Paterno alipofukuzwa, wanafunzi walifanya ghasia, wakapindua gari la waandishi wa habari, walimlilia Paterno.

Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye habari za mtoto anayedhulumiwa azifikishe kwa serikali ya mitaa. Haisemi azipandishe kwa mkubwa wake wa kazi. Watoto wa Madaba wanaochaguliwa kwa michezo ya shule za sekondari, UMISSETA, hulala mbali na wazazi wao, pengine mikononi mwa mwalimu yule yule aliyewachagua.