Majabali ya Mwanza na Matetemeko Yaliyosahaulika

Karibu na kivuko cha Kamanga, majabali yamebebana majini kiasi kwamba mgeni hudhani la juu litaporomoka wakati wowote. Wenyeji wa Mwanza wamezoea. Vilima vya mji vimejaa mawe ya namna hiyo, na chini yake Mto Mirongo unakatiza mjini kuelekea Ziwa Victoria. Mazoea hayo yamezaa imani kwamba huku ardhi imetulia, na kwamba matetemeko ni habari za watu wa milima ya volkano, wa Oldonyo Lengai na wa Goma. Nionavyo mimi, imani hiyo imetokana na namna historia ilivyoandikwa kuliko namna ardhi yenyewe ilivyo.

Mlima unaowaka hujiandikia historia. Lengai ulipolipuka mwaka 1917, 1940, 1966 na 2007, majivu yalikuwa ushahidi tosha hata kwa asiyejua kusoma. Tetemeko likishapita, halina moshi wa kuonyesha. Tena maandishi ya mwambao huu ni machanga: mpelelezi Mwingereza Speke alifika Mwanza mwaka 1858, na kabla yake hatuna karatasi. Hata tetemeko la Rukwa la Desemba 1910, lenye ukubwa wa 7.4, miongoni mwa makubwa kabisa Afrika katika karne ile, halitajwi sana. Nyumba ya miti na nyasi huyumba bila kumponda aliyemo, na pasipo msiba mkubwa masimulizi hufifia. Kwa hiyo kumbukumbu itafutwe kwingine. Waganda wa ng'ambo ya kaskazini huliita tetemeko musisi. Musisi ni lubaale, yaani mungu wa jadi, mwenye kuitikisa ardhi, na hadi leo ni jina la watu. Jambo lisilotokea halipewi lubaale wala halirithishwi watoto. Na ziwa lenyewe ni shahidi: Bonde la Ufa la magharibi lilipoinua ardhi, mito kama Kagera na Katonga, iliyokuwa ikitiririka kwenda magharibi, ilirudishwa nyuma, maji yakajaa hapa katikati. Wataalamu wengi hukadiria kwamba ilikuwa miaka kama 400,000 iliyopita. Tunavua sato katika bakuli lililofinyangwa na mwendo wa ardhi.

Kuna pingamizi lenye uzito, na linatoka kwenye majabali yenyewe. Mwamba wa Mwanza una umri unaozidi miaka bilioni mbili na nusu, na Bonde la Ufa limeuzunguka pande mbili bila kuupasua. Zaidi ya hapo, kama ardhi hutikisika, mbona mawe yaliyobebana hayajaanguka? Swali hilo si la kupuuzwa. Wanajiolojia nao huyatumia mawe ya namna hiyo kukadiria nguvu za matetemeko ya kale. Nakubali kwamba vilima hivi havijapata mtikisiko wa kutisha kwa muda mrefu sana. Ila mengi ya mawe hayo hayakupandikwa juu. Yalibaki palepale mwamba uliokuwa katikati ulipooza ukawa udongo na kusombwa na mvua, na yamekalia kitako kipana. Nguvu ya kuangusha jiwe la tani nyingi ni kubwa mno kuliko ile inayotosha kupasua ukuta wa tofali usio na nondo. Jiwe lililosimama halikanushi mtikisiko wa wastani.

Na mtikisiko wa wastani ndio ulioua watu mkoani Kagera. Tarehe 10 Septemba 2016, saa 9:27 alasiri, tetemeko la ukubwa wa 5.9, lenye chanzo kama kilomita 40 chini ya ardhi ya wilaya ya Missenyi, liliua watu wasiopungua 17. Nyumba nyingi Bukoba zilianguka. Shule kongwe za Ihungo na Nyakato zikafungwa. Huko nako hakuna volkano. Mwanza lilisikika kutoka ng'ambo ya ziwa, kwa kuwa mwamba mkongwe na mgumu husafirisha mawimbi mbali bila kuyapunguza sana. Mawimbi hayo yakitoka kwenye jiwe na kuingia kwenye udongo laini hukua. Nyumba ya kilimani imekalia jabali. Ya bondeni mwa Mirongo imekalia mchanga na tope vilivyoletwa na mto. Mawe ya juu kule yanakitolea ushahidi kilima chao tu.