Jengo likianguka, wapimaji walikuwa wapi?

Jengo likianguka tu, mdahalo unarudi palepale: "Serikali haipimi!" Hapana, inapima. KEBS, shirika la viwango, lipo tangu 1974. Na kupima zege si uchawi: unalijaza kwenye kisanduku cha chuma, likishika unaliloweka majini hadi siku 28, kisha mashine inaliponda tuone lilibeba uzito gani.

Lakini mara nyingi anayepeleka hilo tofali maabara ni mwenye mjengo mwenyewe. Sasa wewe jaza mengine.

Halafu kuna Huruma, usiku wa Aprili 29, 2016. Mvua, gorofa sita, zaidi ya watu 50 wakafa. Jengo lile lilikuwa tayari limewekewa alama libomolewe! Wapangaji bado walikuwa ndani. Wangehamia wapi, kwa kodi gani?