Kikokotoo Darasani: Ubishi wa Karibu Miaka Mia Nne

Mwaka 1630, kijana Mwingereza aitwaye William Forster alikuwa akijifunza hisabati kwa William Oughtred, kasisi wa kijiji cha Albury, kusini mwa Uingereza. Mazungumzo yao yalipofika kwenye logarithimu, mwalimu alimtolea kifaa alichokibuni mwenyewe: miduara iliyochorwa vipimo ambavyo, vikilinganishwa, vilitoa majibu ya kuzidisha na kugawanya bila mtu kuandika chochote. Forster alishangaa. Ilikuwaje mwalimu akaficha kitu cha manufaa namna ile kwa miaka yote hiyo? Oughtred alimjibu kwamba njia ya kweli ya hisabati ni uthibitisho, na kwamba mwalimu anayeanza na vifaa huwafanya wanafunzi wake watu wa kiini macho. Forster alikisimulia kisa hicho mwaka 1632, alipochapisha maelezo ya kifaa cha mwalimu wake kwa Kiingereza.

Richard Delamain, mwalimu wa hisabati jijini London, alikuwa ametoa kitabu kuhusu kifaa cha aina hiyo hiyo mwaka 1630, na msimamo wake ulikuwa tofauti: kwake, kifaa kilikuwa na nafasi yake tangu mwanzo wa masomo. Wawili hao waligombana vibaya, kila mmoja akidai kuwa ndiye mvumbuzi. Ugomvi wa nani alivumbua umebaki kwa wanahistoria. Ule wa nini kitangulie, kifaa au uelewa, bado unasikika kwenye ofisi za walimu hadi leo.

Kwa karne tatu na zaidi zilizofuata, vifaa vya kukokotolea vilivyoingia darasani vilikuwa hasa viwili: rula telezi, iliyotokana na kazi ya Oughtred, na kitabu cha majedwali. John Napier wa Scotland alichapisha logarithimu zake mwaka 1614, na Henry Briggs akazigeuza ziwe za kizio cha kumi, kama zilivyo katika majedwali ambayo wanafunzi wa sekondari wa Afrika Mashariki wangali wanayafungua. Jambo hili lina uzito wake. Mwanafunzi anayesoma logarithimu kwenye jedwali hakuikokotoa yeye; alikokotoa mtu mwingine, zamani, naye anaipokea kwa imani. Mashine ilikuwamo darasani kitambo, imevaa umbo la kitabu.

Mashine za umeme zilianza zikiwa nzito na ghali. Mwaka 1961 kampuni ya Uingereza, Bell Punch, iliuza ANITA, kikokotoo cha kwanza cha mezani kilichofanya kazi kwa elektroniki tupu. Mwaka 1964 Sharp ya Japani ilileta CS-10A, yenye uzito wa kilo 25, bei yake yen 535,000. Mwaka 1967 Jack Kilby, Jerry Merryman na James Van Tassel wa Texas Instruments wakatengeneza mfano wa kikokotoo cha kushika mkononi.

Kisha mambo yakaenda mbio. Bill Hewlett wa kampuni ya HP aliwataka wahandisi wake watengeneze kikokotoo kitakachoingia kwenye mfuko wa shati, na mwaka 1972 HP-35 ikatoka. Ilikokotoa sini, kosini na logarithimu kwa kubonyeza vitufe tu. Bei yake ilikuwa dola 395, fedha ambazo mwanafunzi wa kawaida hakuweza hata kuziota. Miaka minne baadaye Texas Instruments ikauza TI-30 kwa dola 25 hivi, nayo ilifanya sehemu kubwa ya kazi zile zile. Katikati ya miaka hiyo ya 1970, Keuffel & Esser, kampuni ya Marekani iliyokuwa na jina kubwa katika rula telezi, iliacha kuzitengeneza. Kifaa kilichotumika tangu zama za Oughtred kilitoweka kabla watoto waliozaliwa mwaka ule wa HP-35 hawajamaliza shule ya msingi.

Walimu walikutwa hawajajiandaa. Chama cha walimu wa hisabati cha Marekani, NCTM, kilitoa tamko la kuunga mkono vikokotoo mwaka 1974, na mwaka 1980 kikapendekeza vitumike katika ngazi zote za shule. Wazazi waliuliza swali ambalo mzazi yeyote mwenye busara angeuliza: je, mtoto atasahau majedwali ya kuzidisha?

Jibu moja zito lilitoka kwenye mtihani. Katika upimaji wa kitaifa wa Marekani wa mwanzoni mwa miaka ya 1980, vijana wa miaka 13 waliulizwa: basi la jeshi hubeba askari 36, kama askari 1,128 wanapelekwa kambini, mabasi mangapi yanahitajika? Asilimia 70 hivi waligawanya kwa usahihi. Lakini asilimia 29 waliandika kwamba yanahitajika mabasi 31, baki 12, na wengine 18 wakaandika 31 tu, wakiwaacha askari 12 barabarani. Waliofika kwenye mabasi 32 walikuwa asilimia 23. Watoto hawa walikuwa wamefundishwa kugawanya hadi wakaiva. Hawakuwa wamefundishwa kuliuliza jibu lao swali.

Mwaka 1986 mambo matatu yalitokea. Mwezi Aprili, John Saxon, mwandishi wa vitabu vya hisabati na afisa mstaafu wa jeshi la anga, aliongoza maandamano ya walimu jijini Washington, nje ya mkutano wa mwaka wa NCTM, kupinga vikokotoo kwa watoto wadogo. Mwaka huo huo Ray Hembree na Donald Dessart walichapisha uchambuzi wa tafiti 79. Waligundua kwamba, kwa jumla, wanafunzi waliotumia vikokotoo sambamba na mafundisho ya kawaida hawakupoteza ustadi wa kalamu na karatasi. Wengi waliongeza, na walilipenda somo zaidi. Darasa moja tu lilikwenda kinyume: la nne, ambako matumizi ya muda mrefu yalionekana kuwazuia wanafunzi wa uwezo wa wastani. Hoja ya waandamanaji haikuwa ya kupuuzwa, basi, hata kama takwimu nyingi hazikuwa upande wao.

Jambo la tatu lilikuwa Uingereza, na ndilo linalostahili kukumbukwa kuliko yote.

Hilary Shuard, mkufunzi wa walimu katika Homerton College, Cambridge, aliongoza mradi wa hisabati za shule za msingi uliokuwa na tawi lililoitwa CAN. Watoto wa miaka sita walipewa kikokotoo kila mmoja, kiwe mkononi muda wote. Mtoto mwenyewe ndiye aliyeamua lini akitumie. Walimu, kwa upande wao, walikubali sharti gumu kuliko lolote walilowahi kupewa: wasifundishe zile njia za kupanga namba wima, kubeba na kukopa. Badala yake watoto wachunguze, wabishane, wabuni njia zao na kuwaeleza wenzao, na hesabu za kichwa zipewe heshima ya kwanza.

Yaliyotokea yaliwashangaza walimu wenyewe. Mtoto anayecheza kwa kutoa moja moja, tano, nne, tatu, mbili, moja, sifuri, hafiki mwisho. Mashine inaendelea, na kijistari kidogo kinatokea mbele ya 1. Hiki ni nini? Watoto wadogo kabisa walianza kuzungumza juu ya namba hasi, mada iliyopangiwa miaka ya mbele sana. Anayegawanya 7 kwa 2 anakutana na nukta ya desimali kabla hajaisikia kwa mwalimu, na anataka kujua inasema nini. Mtaala uliopangwa kwa ngazi, namba ndogo kwanza na kubwa baadaye, uliparaganyika, kwa sababu kioo cha kikokotoo hakijui mtoto yuko darasa la ngapi.

Mchezo mmoja wanaoufahamu sana walimu wa Uingereza unaonyesha kazi ya namna hii. Watoto wawili wanapewa namba, tuseme 37, na wanatakiwa kuizidisha kwa namba moja ili jibu liangukie kati ya 100 na 101. Wa kwanza anajaribu 3, anapata 111, imezidi. Wa pili anajaribu 2.7: 99.9, imepungua kidogo tu. Mwenzake anaweka 2.75, anapata 101.75. Halafu 2.71: 100.27, ameshinda. Mashine imezidisha mara nne, kazi ambayo ingekula nusu ya kipindi. Kukisia, kulinganisha na kuhisi jinsi desimali moja ilivyojibana kati ya nyingine kumefanywa na watoto. Mwingine ni ule wa kitufe kibovu: fanya kana kwamba kitufe cha 4 hakifanyi kazi, kisha tafuta 34 mara 7. Anayebonyeza 35 mara 7 na kutoa 7 amepata 238, na amegusa kanuni ya mgawanyo ambayo aljebra itamdai miaka kadhaa baadaye.

Je, watoto wa CAN waliharibikiwa? Kenneth Ruthven wa Chuo Kikuu cha Cambridge aliwafuatilia wanafunzi wa shule zilizopitia mtindo huo na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1998. Alikuta kwamba walielekea zaidi kukokotoa kichwani kuliko wenzao wa shule nyingine, tena kwa mbinu zenye nguvu. Waliokuwa na mashine mkononi ndio walioiweka chini.

Uingereza, hata hivyo, ilikwenda njia nyingine. Kuanzia 2014 vikokotoo viliondolewa kabisa kwenye mitihani ya kitaifa ya watoto wa miaka 11, na mtaala mpya ukavisogeza hadi mwishoni mwa shule ya msingi. Marekani ilielekea kinyume: mtihani wa SAT uliviruhusu mwaka 1994, na mwaka 1995 ule wa kalkulasi wa AP ukadai kikokotoo cha kuchora grafu, aina iliyoanzishwa na Casio fx-7000G mwaka 1985. Tangu 2024 wanafunzi wa Marekani wanafanya SAT kwenye kompyuta, na programu ya kikokotoo ya Desmos iko wazi mbele yao muda wote wa hisabati.

Afrika Mashariki nayo haijakubaliana. Karatasi ya hisabati ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, inaruhusu kikokotoo kisicho na sauti wala programu, pamoja na majedwali, isipokuwa pale swali linapokataza. Uganda inafanya karibu vivyo hivyo. Nchini Tanzania, kwa miaka mingi, mtahiniwa wa kidato cha nne ameingia kwenye karatasi ya Hisabati na kitabu cha majedwali cha NECTA, baraza la mitihani, huku kikokotoo kikiwa miongoni mwa vitu vilivyopigwa marufuku, ilhali wa kidato cha sita anaruhusiwa. Kwa namna zote mbili mjadala umefungiwa ndani ya chumba cha mtihani: nani aingie nacho, nani asiingie nacho. Hilary Shuard hakuanzia hapo. Alianzia kwa mtoto wa miaka sita, katika siku ya kawaida ya shule, na kwa swali ambalo mtoto huyo angeulizwa.

Swali la namna hiyo, kama lile la 37, halihitaji vikokotoo sitini kwa wanafunzi sitini. Simu ya kawaida ya vitufe inacho kimoja, na mwalimu anaweza kukishika mwenyewe mbele ya darasa, akaandika 37 ubaoni, akawataka wanafunzi wakisie na kutetea makisio yao kabla hajabonyeza. Taasisi ya Elimu Tanzania na KICD ya Kenya ndizo zinazosimamia mitaala ambayo miongozo ya walimu hufuata. Michezo kama hii iandikwe humo, kwa maelezo kamili na mifano ya namba, ili mwalimu wa darasa la tatu huko Mpwapwa au Kitui aikute tayari mezani kwake.